Kombo kwa Makusudi

Valmiera, mwezi wa pili. Theluji imefika dirishani,
nami chali sakafuni, chini ya BMW kuukuu,
tone la mafuta ya difu likinilenga jicho.
Gari hili nililinunua kwa mchungaji mstaafu
aliyelitunza kama sadaka. Halikuwahi kupita sitini,
halikuwahi, alisema, kumkosea mtu njia.
Nikamshukuru. Nikafika nyumbani, nikaling'oa viti.

Difu nimeichomelea mwenyewe.
Magurudumu ya nyuma sasa yanazunguka pamoja
kama ndugu waliolazimishwa kupatana;
kila kona ya mtaa gari linalia, linarukaruka,
na Bi Skaidrīte, jirani, anafunga pazia.

Baba alikagua reli miaka thelathini na nane.
Anakijua chuma kwa kukigonga:
kizima huitika, chenye ufa hukohoa.
Kwake yeye duniani kuna mambo mawili,
lililonyooka, na ajali.
"Yaani unalipia," aliniuliza, "ukaserereke?
Mimi nililipwa maisha yangu yote watu wasiserereke."
Akachukua kofia, akaenda zake.

Mchana napanga mayai kiwandani, trei baada ya trei,
vidole laini kama vya mkunga.
Usiku vidole hivyo hivyo vinapigana na nati
iliyoanza kula kutu kabla sijavunja ungo.
Bomba la usukani lilipasuka. Nikalifunga. Likapasuka.
Rejeta nimeitoa kwenye gari la mikate.
Bampa nimelishona kwa vibanio vya plastiki.
Pesa ya matairi, tusiizungumze pesa ya matairi.

Mwezi wa tano. Uwanja wa ndege uliokwisha kusahauliwa na ndege,
lami imepasuka kama kisigino.
Magari ishirini na sita. Vijana wenye majina ya wafadhili mgongoni,
na mimi, Vizma, jina limeandikwa mlangoni kwa rangi ya kucha.

Ni hivi: unaiendea kona kama unayeidai,
unavuta breki ya mkono, mkia unakuaga.
Ukiingiwa na hofu ukakanyaga breki, kwisha.
Unazungusha usukani kinyume, unaongeza moto,
unaitazama njia kupitia dirisha la ubavuni,
na kwa sekunde nne, labda tano,
unakwenda kombo kwa makusudi
na kombo hilo ndilo njia.

Majaji walinipa sitini na moja. Inatosha kuingia.

Kisha, kwenye mazoezi, tairodi ikakatika.
Gurudumu la kushoto likabaki linatazama msituni.
Dakika arobaini zimesalia.
Koleo likivunjika uhunzi hauishi, sawa,
lakini mhunzi huketi kwanza chini.
Nikaketi.

Akaja Raivo, ndiye niliyepangwa kushindana naye,
kijana wa chunusi, mkononi tairodi mbili za akiba.
"Chukua. Sijui ipi nzima."
Na kabla sijajibu nikasikia nyuma yangu
nyundo ndogo, ile ya relini, ting, ting,
na mzee ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango.
"Hii inakohoa," akasema. Akaitupa.
Ya pili akaigonga mara tatu.
Hakuniangalia. Akanipa.

Raivo alinishinda raundi ya kwanza kabisa.
Nilimsugua ubavu; ameondoka na nusu ya jina langu mlangoni pake,
na bampa langu lilikwenda kivyake, majanini.

Tulifunga gari kwenye trela kimyakimya.
Moshi wa mpira umetuganda kooni.
Baba alikaza mkanda wa mwisho, akaupima kwa kiganja,
akatazama kule kona ya pili iliko
ambako weusi wa matairi yangu umejipinda,
na mahali fulani, kama hatua tatu, umesahau kujipinda.

"Pale," akasema, "ulinyooka."
Akafuta nyundo kwa leso.
"Ungeng'ang'ania."